Arudi akazike, au abaki?

Wiki hii mmeuliza: mchezaji aliye ziarani na timu ya taifa akifiwa na mzazi, arudi akazike au abaki? Sikuwa nimemaliza kusoma nikawa nimeshajibu: arudi. Timu itapata mwingine wa kucheza.

Ila nina kisa. Jumatatu asubuhi, Januari 18, 2021, nilikwenda kununua bawaba na rodi za kuchomelea duka la vifaa vya ujenzi jirani na Makoroboi. Mzee mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa hapahapa Mwanza, alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la rangi, akitazama India ikicheza kriketi na Australia huko Brisbane, siku ya nne kati ya tano. Bawaba zangu alikuwa nazo mkononi, wala hazihesabu. "Subiri kidogo, fundi." Mohammed Siraj wa India akarusha mpira, Hazlewood wa Australia akaupiga hewani, ukadakwa. Wiketi ya tano ya Siraj, yaani mpigaji wa tano aliyemtoa, na Australia wote nje. Mzee akaziweka bawaba mezani taratibu, akavua miwani, akajifuta macho kwa kiganja.

"Baba wa huyu kijana alikuwa dereva wa bajaji Hyderabad. Amefariki Novemba, timu imeshafika Australia. Ruhusa ya kurudi alipewa. Mama yake akamwambia abaki, atimize alichokitaka baba yake."

Nilishindwa kumjibu. Baba yangu alizikwa Nansio mwaka 2009, mimi niko Mtwara kwenye kazi ya mkataba. Nauli nilikuwa nayo. Niliogopa kupoteza kazi. Nilipofika, Mama alinipakulia ugali na sato, hakuniuliza kitu, na mpaka leo hajaniuliza.

Kesho yake India wakafikia mikimbio 328, yaani pointi za kriketi, waliyotakiwa ili washinde, kwenye uwanja ambao Australia haikuwa imefungwa mechi ya siku tano tangu 1988. Wakaondoka na ushindi wa mechi mbili kwa moja kwenye mfululizo wa mechi hizo za siku tano, wao ambao kwenye mechi ya kwanza kule Adelaide walitolewa wote kwa mikimbio 36. Siraj alipotua nyumbani, alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka kaburini.

Basi jibu langu la mwanzo limelegea. Mama akisema baki, abaki, na asilaumiwe na mtu. Lakini aseme mama mwenyewe, asisemewe na kocha wala mkataba. Na hata akisema, mimi nadhani ningepanda basi usiku uleule.