Maswali na Majibu: Kuzitafiti Harakati za Pwani

Nataka kuandika tasnifu juu ya mgomo mkuu wa Mombasa wa 1947. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Changamwe)

Anzia Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, kwenye majalada ya serikali ya kikoloni, ila usiishie hapo. Mgomo huo, ulioanza tarehe 13 Januari na kudumu takriban siku 12, uliwahusisha wafanyakazi wapatao 15,000, si makuli wa bandarini na watu wa reli peke yao, bali hata watumishi wa majumbani na mahotelini, nao walikuwa wakikutana mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Ripoti ya polisi aghalabu humtafuta mchochezi, kwa hiyo majina ya wasemaji utayapata kwa urahisi kuliko habari za kodi ya chumba au za kibarua aliyeajiriwa kwa siku. Ndiyo maana Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililotokana na mgomo huo, ambaye alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet, anaweza kuonekana kana kwamba ndiye aliyewatoa watu kazini, ilhali uongozi wake ulijitokeza ndani ya mgomo wenyewe. Jalada lisome ukijiuliza kila mara mwandishi wake aliagizwa atafute nini.

Je, kutafiti kundi lenye msimamo mkali si kuliunga mkono? (Msomaji, Kisauni)

La hasha. Mtafiti anaeleza kwa nini watu walivutwa, na kazi hiyo haifanywi kwa kukemea wala kwa kushangilia. Binafsi huitilia shaka tasnifu ambayo wafuasi wote ndani yake wamerubuniwa na hakuna hata mmoja aliyefikiri.

Nikitaka kuwahoji waliokuwa wafuasi wa MRC (Mombasa Republican Council, kundi lililodai Pwani ijitenge na Kenya), nizingatie nini? (Msomaji, Likoni)

Serikali ililipiga kundi hilo marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Hata hivyo, wengi bado wanahofia kunukuliwa. Pata kwanza kibali cha utafiti cha NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako, kisha uyaweke majina mbali na maelezo. Usianzie 2010, kwa maana kabla ya uhuru vuguvugu la Mwambao lilikwisha kudai kuwa ukanda wa pwani wa maili 10 usiunganishwe na Kenya, na mzee yeyote anayeyakumbuka mazungumzo ya 1963 huenda akakurudisha huko kabla hujamaliza swali la kwanza.