Mguu wa bandia unapwaya ikifika mchana: tuongeze soli au tuombe mwingine?

SWALI: Baba yangu ana miaka 61 na ana kisukari. Mwaka jana alikatwa mguu chini ya goti, na miezi minane iliyopita alitengenezewa mguu wa bandia. Asubuhi unamkaa vizuri, lakini ikifika mchana unapwaya, ncha ya kigutu inamuuma na anachechemea. Goti nalo halinyooki lote. Fundi viatu anasema mguu umekuwa mfupi, hivyo tuongeze soli. Je, tufanye hivyo, au tuombe mguu mpya? (Msomaji, Singida)

JIBU: Ndugu msomaji, soli msiongeze. Mguu wa bandia haujafupika. Dalili ulizozieleza zinaonyesha kwamba kigutu kimepungua na sasa kinazama ndani ya soketi, yaani sehemu inayokipokea. Katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji uvimbe huisha na misuli isiyofanya kazi kama zamani hukonda, na juu ya hayo, ndani ya kila siku, kusimama na kutembea hukamua maji yaliyo ndani ya nyama, ndiyo maana soketi inayobana asubuhi hupwaya mchana. Soli ingeinua nyonga, lakini ncha ya kigutu ingeendelea kugonga chini.

Soketi ya chini ya goti haitengenezwi ili mtu aegemee ncha ya kigutu. Uzito hubebwa zaidi na kano iliyo chini ya kilegesambwa (kile kifupa cha mbele ya goti), ubavu wa ndani wa mfupa wa muundi na nyama za nyuma, wakati ukingo wa mbele wa muundi na kichwa cha ule mfupa mwembamba wa upande wa nje huachiwa nafasi kwa sababu havivumilii kugandamizwa. Kigutu kikishuka hata sentimita moja, mpangilio huo wote unahama, na sehemu iliyokusudiwa kukandamiza kano inakandamiza kilegesambwa chenyewe.

Dawa ya kwanza ni soksi za kigutu. Avae moja ya ziada mara tu anapohisi soketi inaanza kulegea, asisubiri maumivu, na asiweke vipande vya khanga au taulo, kwa maana mkunjo mmoja wa kitambaa unatosha kutoboa ngozi ya mtu mwenye kisukari. Ili kujua kama soksi zinatosha, kandeni kitonge cha unga wa ngano chenye ukubwa wa gololi, mkiweke chini kabisa ndani ya soketi, kisha avae, atembee hatua chache na kuvua. Kikitoka kimesagika na kuwa chembamba kama karatasi, kigutu kinagonga chini na soksi iongezwe. Kikitoka kama kilivyoingia, soksi zimezidi na ncha inaning'inia bila kugusa kitu; hali hiyo nayo ni mbaya, kwa sababu ncha isiyoguswa huvimba, na ngozi yake huwa nyeusi na ngumu. Tunachokitaka ni kitonge kilichobonyea kiasi. (Warshani, yaani kwenye karakana ya viungo bandia, tunatumia hata rangi ya mdomo: ukipaka panapouma, alama inahamia kwenye ukuta wa soketi na kuonyesha mahali hasa pa kurekebisha.)

Soksi zikifika tatu au nne nene na bado anazama, umbo la soketi haliendani tena na kigutu, na inafaa kutengenezwa soketi mpya. Hilo si lazima liwe mguu mzima, kwani unyayo ambao haujachakaa mara nyingi hutumika tena. Kabla ya hapo mtaalamu anaweza kubandika tabaka la sponji nje ya soketi laini ya ndani, au kupasha moto ile ya nje kama ni ya polipropilini (aina ya plastiki) na kuitanua panapobana. Tafadhali msijaribu hilo kwa jiko la mkaa.

Kwa kuwa kisukari huweza kuua hisia, msitegemee maumivu kuwaonya. Kila jioni atazame kigutu kwa kioo, pamoja na wayo wa mguu uliobaki. Wekundu usiofifia dakika 10 baada ya kuvua ni onyo. Pakiwa na lengelenge au kidonda, mguu wa bandia usivaliwe hadi pale patakapopona. Kigutu kioshwe usiku, maana ngozi iliyotoka kuoshwa asubuhi huwa imelowa na huchubuka haraka.

Goti linanitia wasiwasi kuliko soketi, kwa sababu soketi hutengenezwa upya, lakini goti lililoachwa likakaza huenda lisinyooke tena. Akae kitandani amenyoosha miguu, nawe upitishe kiganja chini ya goti: kikipita kwa urahisi, limekaza. Kwa kawaida chanzo ni mto unaowekwa chini ya goti wakati wa kulala na kukaa kitini saa nyingi kigutu kikining'inia. Ondoeni mto huo leo. Alale kifudifudi dakika 20, asubuhi na jioni, goti likiwa limenyooka. Na akiwa amekaa, asukume goti chini dhidi ya taulo lililokunjwa, ahesabu hadi tano, alegeze, mara kumi. Upungufu mdogo, wa nyuzi 10 hivi, unaweza kufidiwa kwa kuilaza soketi kidogo, ila mtaalamu wa fiziotherapia aupime kwanza.

Viatu pia vina sehemu yake. Unyayo wa bandia hupangwa kwa kimo fulani cha kisigino. Akivaa ndala badala ya viatu alivyopimiwa, goti husukumwa nyuma kama anayepanda mlima, na kisigino kirefu zaidi hulifanya likunje ghafla.

Mkienda warshani, iwe katika hospitali ya KCMC Moshi, CCBRT au MOI Dar es Salaam, au iliyo karibu nanyi zaidi, chukueni viatu anavyovaa kila siku na soksi zake zote, naye avae kaptura. Ombeni apimwe mchana, baada ya kutembea, kwa kuwa asubuhi mguu utamkaa vizuri na hakuna atakayeona tatizo.