Kiubu kupasi sio nguzo kupasi

Juzi msomaji mmoja wa Njiro, Arusha, kaniandikia inboksi. Anajenga gorofa, zege daraja la 25 (yaani nguvu ya kubanwa nyutoni 25 kwa milimita mraba), kiubu, vile vipande vya zege vya mraba vya kupimia, zimeenda maabara siku ya 28 zimepasi vizuri tu, lakini bimu ina ufa wa mshazari karibu na nguzo. Anauliza, "injinia, si lilipasi?" Kaka, lilipasi mtihani mwingine kabisa, na nakujibu hapa maana wengi mnajenga huku mmeshikilia hiyo karatasi ya maabara.

Kiubu kinabanwa juu na chini mpaka kipasuke, basi. Bimu yako inapinda na kukatwa kwa wakati mmoja, na vikikutana hivyo viwili karibu na nguzo zege linavutwa kwa mshazari. Zege kwa kuvutwa ni dhaifu mno, ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kubanwa, kwahiyo 25 yako pale ni 2 na kitu. Halafu likibanwa upande huu huku linavutwa upande ule, hata ile nguvu ya kubanwa inashuka. Hilo kiubu hakiwezi kukuonyesha hata ukivunja mia.

Kinyume chake ndo kitamu. Mwaka 1928 kule Illinois, Marekani, mtafiti Richart na wenzake walibana silinda za zege pembeni kwa kimiminika huku wanazisukuma kutoka juu, wakakuta kila kipimo 1 cha kubana pembeni kinaongeza kama 4 kwenye nguvu ya kubeba kutoka juu. Zege lilelile! Sasa kwenye nguzo yako nani anabana pembeni? Ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kwenye nondo za wima. Nguzo ikilemewa zege linataka kutanuka, ringi inalikatalia.

Kuna saiti moja Sakina nilikuwa nasimamia, nguzo za nondo za mm 16. Kwa BS 8110, ile kanuni ya Waingereza ya kusanifu zege, ringi hazitakiwi kuachana zaidi ya mara 12 ya nondo ndogo kabisa ya wima, yaani milimita 192. Nikaweka tepu pale juu karibu na bimu nikakuta 300, na kulabu za mwisho wa ringi zimekunjwa digrii 90 zikaachwa hivyohivyo. Ganda la nje likibanduka kulabu ya hivyo inafunguka, wakati ikikunjwa 135 ikaingia ndani ya zege inashika. Nikasema zege halimwagwi. Fundi mkuu akanijibu mbele ya vibarua, "kiubu zinapasi, unataka nini tena?" Mwenye nyumba akamsikiliza yeye, jioni naambiwa kesho nisije. Mpaka leo inaniuma, na sio hela, ni kuitwa mtu wa makaratasi na watu waliokuwa hapahapa Julai 2007 tetemeko la upande wa mlima Gelai, kule Ziwa Natron, lilipotutikisa. Tetemeko linabana nguzo, linaipinda na kuikata vyote kwa pamoja, na linaanzia juu na chini ya nguzo, na hapohapo juu ndipo walipopunguza ringi.

Moshi, pale Soweto, mama mmoja alinisikiliza. Alikuwa anapima ringi mwenyewe kabla mikisa haijawashwa, na nyumba ile naipita nikiwa kifua mbele, haina ufa hata mmoja.

Kwahiyo ndugu zangu pimeni ringi. Kabla ya mbao kufungwa, juu na chini ya nguzo, na kwenye bimu karibu na nguzo, pale zege linapovutwa kwa mshazari. Msibanie hela ya ringi mkaimwaga kwenye marumaru, marumaru haishiki slabu, na mtoto wako analala chini ya slabu sio chini ya marumaru. Pimeni ringi jamani.

Na wewe kaka wa Njiro, ufa usiupige plasta. Chora penseli kwenye ncha zake zote mbili uandike tarehe, ujue kama unatembea. Tenki la maji lisipandishwe. Rudisha mirunda chini ya hiyo bimu leo, uite injinia aje na michoro ahesabu ringi zilizomo, na mirunda isitoke mpaka aseme yeye.