Je, abasia ya Whitby ilibomolewa na Wajerumani?

SWALI: Nimeona picha ya magofu ya kanisa juu ya jabali la bahari huko Whitby, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Maelezo yalisema ni abasia, yaani monasteri kubwa, ya Mtakatifu Hilda ya mwaka 657, iliyobomolewa na meli za Wajerumani mwaka 1914. Ni kweli? Na mgeni akifika, atazame nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni nusu ya ukweli. Hilda aliongoza hapo monasteri ya wanaume na wanawake, na mwaka 664 ndipo ulipofanyika mtaguso, yaani mkutano wa viongozi wa Kanisa, ulioamua Pasaka ihesabiwe kwa utaratibu wa Roma. Lakini ukuta wa Hilda hutauona. Monasteri yake ilikufa karne ya 9, enzi za mashambulizi ya Wadenmark. Watawa walirejea mnamo 1078, wakawa Wabenediktini kama wale wa Ndanda na Peramiho, na kanisa la kwenye picha lilianza kujengwa miaka ya 1220.

Mizinga ya tarehe 16 Desemba 1914 iliumiza kweli upande wa magharibi. Hata hivyo kanisa lilikuwa gofu kitambo, kwani Mfalme Henry VIII aliifunga abasia mwaka 1539. Kuta za namna hii zina mawe yaliyochongwa nje na ndani, katikati kifusi na chokaa. Paa likiondoka, mvua huingilia juu, chokaa husombwa na ukuta hubaki maganda mawili. Tena kila tao husukuma pembeni na huhitaji tao la jirani la kuliegemea. Bawa la kusini lilianguka 1736, ukumbi mkuu ukafuata 1762. Mnara wa katikati, ulioegemea hayo yote, ulidumu hadi 1830.

Ukifika, panda zile ngazi 199 kutoka mjini, kisha anzia mwisho wa mashariki. Hesabu madirisha: safu tatu, kila safu matatu, membamba na yenye ncha, bila urembo wa mawe ndani yake. Hiyo ndiyo karne ya 13. Ukielekea magharibi utakuta madirisha mapana yenye nakshi; ujenzi ulisimama kwa muda mrefu, na mafundi wa baadaye walikuwa na mtindo wao. Mwisho, linganisha upande wa kaskazini na wa kusini. Wengi hudhani upepo wa bahari ndio uliomaliza kanisa, kumbe upande wa kaskazini, unaoikabili bahari, ndio uliobaki wima.