Mwanangu, kuhusu kusahau kwangu na hivyo vidonge

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, nikausoma, nikaurudia. Unasema wewe na kaka yako mmekaa mkazungumza, mkaona hivi vidonge vyangu vya saratani ya titi, Tamoksifeni, ndivyo vinavyonisahaulisha. Sasa unauliza kama miaka mitano ikitimia umpigie daktari, umwombe aniachishe, badala ya kuniongezea mingine mitano kama alivyodokeza kliniki iliyopita. Umeuliza kwa upole na huo upole nimeuona. Mungu akulipe. Jibu nitakupa, lakini kwanza nataka ujue huku kusahau kwenyewe kulivyo, maana wewe unakusikia kwenye simu tu. Unasikia mama kauliza mara mbili watoto wanafungua shule lini. Yaliyo kabla ya simu na baada yake huyaoni.

Hakukuanza na vidonge. Kulianza kwenye dripu, zile za dawa nyekundu, nilipokuwa kwa shangazi yako Buguruni. Nilikuwa nachukua gazeti la mumewe, nasoma habari mpaka mwisho, halafu sijui mwanzo walisema nini. Watu wawili wakizungumza na redio iko wazi, vyote vinanipita. Jina la mtu ninayemjua tangu ujana wangu linanikwama mdomoni: sura naiona, sauti yake naisikia, hata watoto wake nawataja, ila jina lake haliji. Linakuja saa nane za usiku, na wakati huo nimeshasahau nilikuwa nalitakia nini.

Nilidhani ni mimi peke yangu. Pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kwenye lile jengo walilojenga Wajerumani mwaka 1897, tulikuwa tukikaa nje kusubiri kuitwa, upepo wa bahari unatupiga, na kila mwenye dripu kadhaa mwilini alikuwa na habari hiyo hiyo. Mama mmoja wa Lindi, mwalimu wa hesabu, alisema alisimama ubaoni akasahau saba mara nane ni ngapi, na wanafunzi wanamwangalia. Alisimulia huku analia. Titi lake lilishakatwa na hilo hakulililia, alilia saba mara nane. Mimi nilimwelewa kabisa.

Daktari nilipomwambia hakushangaa wala hakuniambia ni uzee. Alinieleza kwamba dripu zenyewe huchosha ubongo. Deksamethasoni, ile ya kuzuia kutapika wanayotupa pamoja nazo, hufukuza usingizi. Damu ikipungua mtu hana nguvu hata ya kufikiri. Halafu hedhi yangu ilikatika ghafla kwa sababu ya dripu, kabla ya wakati wake, na lile joto la usiku likawa linaniamsha mara kwa mara, shuka limelowa. Hofu nayo, na huzuni, zina sehemu yake. Akasema wengi hupata nafuu taratibu miezi kadhaa baada ya dripu kwisha, na wengine hukaa nayo miaka. Akanipima damu akakuta iko chini, akanipa dawa, na ilipopanda nikaona tofauti. Kuhusu vidonge alisema vinaweza kuwa na mchango wake, ila hakuna wa kunyoosha kidole akasema ni hiki tu. Kwa hiyo mwanangu, mnaposema ni vidonge, huenda mna nusu ya ukweli. Nusu ya ukweli haitoshi kumpigia daktari.

Sasa sikiliza ninavyoishi nako.

Unakumbuka nilivyokuwa nashona. Sikuwa naandika vipimo. Mteja anasimama mbele yangu, nampima bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono, narudisha futi shingoni, na vyote vinakaa kichwani mpaka kitambaa kikatwe. Watu walikuwa wakija kunijaribu. Hicho kipaji kimekwenda. Nilikisikitikia sana, tena sana kuliko nywele. Lakini marehemu baba yako unajua alichoandika kwa rangi nyekundu juu ya mizani ya sukari pale dukani: mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka yote ile nikiingia dukani nayapita yale maandishi bila hata kuyatazama. Leo ndiyo yanayoniendesha.

Kila mteja ana ukurasa wake. Nampima, naandika, namsomea kwa sauti yeye mwenyewe anisikie, ndipo nageuka. Vipimo navinakili kwenye kipande cha karatasi nakibana kwa pini kwenye kitenge chake, pamoja na bitana kama ipo, visitengane. Kabla ya mkasi nasoma tena. Kukata nakata asubuhi tu, kichwa kikiwa bado kizima. Kuanzia adhuhuri nafanya pindo, vifungo na pasi, kazi ambazo mikono inazijua yenyewe. Redio nazima. Sufuria haikai jikoni nikiwa na mkasi mkononi, kimoja kinamsubiri mwenzake. Mtu akibisha hodi katikati ya kukata, natia alama ya chaki pale nilipofika, ndipo naitikia. Wengine wanaona nachelewa kuwafungulia mlango. Na wasubiri.

Mkasi una msumari wake ukutani, futi una wake, miwani ina kibakuli chake. Vidonge vipo kwenye kile kisanduku chenye vyumba saba ulichonitumia, kando ya msala wangu. Simu inalia baada ya alfajiri, nafungua chumba cha siku ile. Kikiwa kitupu nimeshameza, siongezi hata kama moyo unaniambia sijameza. Kwa hiyo lile unaloogopa, kwamba naruka dozi au nameza mara mbili, lala usingizi. Halafu asubuhi natembea na jirani mpaka Raskazone, hapa hapa Tanga, na kurudi, kabla jua halijakali. Daktari ndiye aliyenishauri. Siku niliyotembea, usiku usingizi unashika, na usingizi ukishika kesho yake hata majina yanakuja.

Kwenye swala ndiko kuliponiumiza zaidi, na hili sijawahi kukwambia. Nilikuwa nafika katikati ya adhuhuri sijui niko rakaa ya pili au ya tatu. Nikawa nalia kwenye sijida. Nikamwendea ustadhi wetu kwa aibu, nikidhani nitaambiwa swala zangu zote zina kasoro. Akaniuliza, mama, sijida ya kusahau ulifundishwa chuoni? Nikamwambia nilifundishwa. Akasema basi, ukitia shaka shika idadi ndogo, maliza, sujudu sijida mbili kabla ya salamu, swala yako imetimia. Nilirudi nyumbani natembea kwa furaha mwanangu, nakuambia kweli. Kumbe kusahau kulishawekewa nafasi yake tangu zamani, na hakuna aliyesema anayesahau aondolewe kwenye safu.

Ndiyo maana lile la kikundi bado linaniuma.

Unajua nilivyokuwa katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tangu kinaanza, wakati bado tunakutana chini ya mwembe wa shule. Hisa, mikopo, mfuko wa jamii, faini za kuchelewa, vyote kwa mkono wangu, na kila mwaka siku ya kugawana sanduku likifunguliwa fedha na daftari vinalingana. Hata baba yako, na unajua alivyokuwa mgumu wa kusifu, aliwahi kulipitia akasema safi. Nilipokwenda Dar kwa mionzi nilimwachia mwekahazina. Nimerudi, Jumamosi ya kwanza nikavaa vizuri, nikachukua kalamu yangu, nikaenda. Nakuta mtu mwingine amekaa kwenye kiti cha katibu, daftari limefunguliwa mapajani mwake. Mwenyekiti akaniambia, dada, sisi tumekupumzisha. Wakapiga makofi. Wakanipa khanga.

Nikakaa nyuma. Katibu mpya akaanza kusoma hesabu za wiki, na alipofika kwenye faini nikasikia jumla imepungua elfu mbili. Nikanyoosha mkono nikasema hapo mmeruka mtu mmoja. Wakajumlisha upya wakakuta ni kweli. Kikao kizima kikageuka kuniangalia, mmoja akasema mashallah, kisha wakaendelea na ajenda. Kalamu haikurudi. Ile khanga sijaivaa mpaka leo, ipo kabatini chini ya mashuka.

Sisemi walinionea. Nimelifikiria hili kila upande. Wangeniuliza miezi ile, pengine mimi mwenyewe ningesema chukueni, maana kichwa kilikuwa kizito na kikao cha saa mbili kilikuwa kinanimaliza. Na fedha za watu si za kubahatisha. Mwenyekiti ni mtu mwema, ndiye aliyenichangishia nauli ya basi safari zile za Segera na Chalinze wakati mlikuwa hamjapata mishahara. Kwa hiyo alikosea? Nikisema ndiyo namwonea. Nikisema hapana najidanganya, kwa sababu kilichoniuma sicho kiti. Walizungumza habari zangu mimi sipo, wakaamua, kisha wakaniita kupokea uamuzi na khanga juu. Mtu anayesahau bado anaulizwa. Mpe karatasi, mpe muda, usimwulize mambo matatu kwa pamoja, lakini mwulize yeye. Hilo naliamini na nitalisema mpaka nachoka.

Sasa umeona kwa nini ule ujumbe wako ulinifanya nikae kimya siku mbili tatu. Wewe na kaka yako mmekaa, mmezungumza, mmeona. Mimi nilikuwa hapa hapa Ngamiani na simu iko wazi. Najua ni mapenzi. Wale nao walikuwa na mapenzi.

Nirudi kwenye vidonge. Daktari alinieleza hivi, na niliandika akiwa anasema, kwa hiyo si kumbukumbu inayozungumza. Saratani yangu ni ile inayolishwa na homoni, na kazi ya Tamoksifeni ni kuizuia homoni hiyo isiifikie. Kumeza miaka mitano kunapunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. Utafiti umeonyesha kwamba kwa aina yangu, kumeza miaka kumi kunapunguza zaidi ya mitano. Upande wa pili, kadiri mtu anavyomeza muda mrefu ndivyo hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi inavyopanda kidogo, na ya damu kuganda pia, ndiyo maana kila kliniki ananiuliza kama nimeona damu ukeni au mguu umevimba. Akasema nikifika miaka mitano tutakaa tupime: tezi za kwapani zilikuwa na ugonjwa kiasi gani, vidonge vinanisumbua kiasi gani, mimi mwenyewe nataka nini. Na akasema nisije nikaacha ghafla nyumbani kwa kuchoka. Kama kusahau kunanizidi nimwambie, atazame usingizi, atazame damu, atazame kama nina sonona, kabla ya kukimbilia kuvilaumu vidonge.

Unataka nikwambie nitaongeza au sitaongeza. Zipo siku nasema sitaongeza hata kimoja. Siku ile niliyosimama sokoni Mgandini na kapu mkononi, nimezungukwa na nyanya na vitunguu, sikumbuki nimefuata nini, nilisema ikifika tu nimemaliza. Halafu nakumbuka kitanda cha jirani yangu pale wodini, na alivyorudi ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye mifupa, nasema bora nisahau nyanya. Moyo wangu unaelekea upande mmoja, sikufichi, na ukinibana sana nitautaja. Usinibane. Nataka nifike pale nikiwa sijaahidi mtu.

Nililolikata ni hili. Daktari hatapigiwa simu na mtu. Kliniki ni mwezi wa tatu, na utakuja nami. Utakaa kiti cha pembeni, utaandika anachosema, maana masikio manne ni bora kwa mtu kama mimi, na nikisahau swali utanigusa mkono nisome kwenye karatasi yangu. Kuuliza nitauliza mwenyewe. Maswali yako yatume mapema niyaandike pamoja na yangu, nimeacha nafasi chini. Kaka yako mwambie naye anaweza kuleta yake, ila aandike kwa kifupi, si kama anavyoandika siku zote.

Tena kabla hujapanda basi wapime watoto kifua na urefu wa suruali, uniandikie. Sare nitaziwahi kabla ya safari.

Mama yako