Simu umeificha, hamu imebaki

Dadangu wa Kisauni, wasema kijana wako wa miaka 15 hucheza gemu hadi adhana ya alfajiri, na ulipoificha simu akahamia banda la gemu mtaani. Hata sishangai.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Kwa kawaida dalili huwa zimedumu miezi 12: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia kila kitu, kuendelea hata mambo yakiharibika. Likizo moja ya Agosti haitoshi kumwita mraibu.

Tiba iliyochunguzwa zaidi ni mazungumzo na mshauri nasaha, ambapo kijana hujifunza kutambua kinachomsukuma kucheza. Kijana wangu alikuwa akiikimbilia simu kila akirudi na alama mbovu za hesabu. Aliandika saa na sababu kwenye daftari, wiki mbili tu, akajionea mwenyewe. Wewe na babake pia ingieni vikao hivyo. Mkizozana mbele yake, kazi yote bure. Bando mkubaliane, usiku simu ilale sebuleni, jioni aende mpira. Akitaja kujidhuru, mpeleke hospitali ya Coast General siku hiyo hiyo.