Kwa nini bibi huyo hakuwafundisha wanawe Kijerumani

Dada, pole na kazi ya kuchimba ukoo wa watu. Umeuliza mbona bibi yake baba mkwe wako, kazaliwa Iowa, jimbo la Marekani, 1908 kwa wazazi Wajerumani, Biblia yake ya Kijerumani ipo kabatini ila wanawe hawakujua hata salamu, na mumeo anasema ni maringo tu. Si maringo bana. Hesabu miaka, 1918 alikuwa na miaka kumi, Marekani inapigana na Ujerumani kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na mwezi wa tano mwaka huohuo gavana wa jimbo, Harding, akatoa tangazo kwamba Iowa ni Kiingereza tu, shuleni, kwenye treni, kanisani, mpaka kwenye simu! Hata sauerkraut, ile kabichi ya kuchachusha, ikabatizwa jina eti kabichi ya uhuru, sitanii. Mtoto akishaona mama yake anaambiwa lugha yake mwisho mlangoni anafunga mdomo, na akija kuzaa haufungui.

Sasa we ingia kwenye sensa za 1910 na 1920, ziko wazi, angalia palipoandikwa lugha mama. Halafu tafuta kitabu cha ubatizo cha kanisa lao, hapo ndo kuna utamu, ila jiandae maana mwandiko wa zamani wa Kijerumani ni kama kuku kaparua, mi herufi e niliisoma n wiki nzima nikawa natafuta ukoo usiokuwepo. Na hiyo Biblia fungua kurasa za mwanzo, wengi waliandika vizazi humo, piga picha kabla mawifi hawajagawana vitu.